Somo: Kuwasoma watoto wenye ADHD kwa saa ya mkononi na ujifunzaji wa mashine

Somo hili ni la wanafunzi wa takwimu na kompyuta wanaotaka kuigusa ADHD, ile hali ya mtoto kukurupuka, kutotulia na kupoteza umakini kupita wenzake wa rika moja. Mzazi unayetafuta jibu la mwanao, ruka mpaka kwenye maswali.

Wazo ni kumvisha mtoto saa inayopima mtikisiko, kisha kuifundisha programu ya kompyuta (modeli) itofautishe mwenye ADHD na asiye nayo. Kuvisha kifaa chenyewe ni jambo la zamani. Mwaka 1983 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, akiwamo Judith Rapoport, walichapisha kazi yao: wavulana 12 watukutu na wengine 12 wa kulinganisha nao walivishwa kifaa cha kupima mtikisiko kwa wiki nzima. Watukutu walitikisika zaidi hata wikiendi, hata usingizini, lakini tofauti iliyojirudia zaidi ilikuwa kwenye vipindi vya darasani. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Hatua ya 1: Ruhusa
Mzazi asaini, mtoto mwenyewe akubali, kamati ya maadili ipitishe. Kenya ina sheria ya kulinda data ya 2019, Tanzania ina ya 2022. Kama ndiyo kwanza unaanza, waache kwanza watoto wa watu. Pakua HYPERAKTIV, data ya wazi kutoka Norway iliyotolewa 2021: watu 51 wenye ADHD na 52 wasio nayo, ambao nao walikuwa wagonjwa. Wote ni watu wazima, ila kwa kujinoa inatosha.

Hatua ya 2: Kifaa
Ndani ya saa kuna akselerometa, kihisi kinachopima mtikisiko katika mielekeo mitatu. Ilaze mezani kabla ya kumvisha mtoto yeyote. Ikiwa tuli, ukubwa wa mielekeo yote kwa pamoja (kipeuo cha pili cha jumla ya miraba yake) usome karibu g 1, yaani mvutano wa dunia peke yake. Ikisoma 1.2, rudisha dukani. Kisha amua ni mkono upi, na watoto wote wavae huo huo.

Hatua ya 3: Shajara ya mzazi
Hapa ndipo miradi yetu hufia. Katika mmoja niliousaidia, mama aliandika "kalala saa 3, kaamka saa 12". Kijana wa kuingiza data akachapa 03:00 na 12:00. Kwenye grafu mtoto akawa analala alfajiri na kuamka adhuhuri, na modeli ikaona imevumbua dalili mpya ya ADHD! Tulipoteza siku 4 kabla mtu hajakumbuka kwamba mama wa Kiswahili anahesabu saa za mchana kuanzia macheo na za usiku kuanzia machweo: saa 3 yake ni 21:00, saa 12 yake ni 06:00. Siku hizi fomu yangu ina visanduku vya kuweka tiki: asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Shajara hiyo hiyo ndiyo itakayokuambia saa ilivuliwa lini. Mtikisiko ukiwa sufuri mfululizo kwa dakika 90 saa nane mchana, mara nyingi saa iko juu ya kabati. Ziondoe, usimhesabie mtoto utulivu ambao hakuwa nao.

Hatua ya 4: Vipengele
Vipengele ni namba utakazoilisha modeli. Kwa kila kipindi cha siku kokotoa wastani, mtawanyiko, idadi ya dakika tulivu, na namna dakika moja inavyotofautiana na inayofuata. Darasani, nyumbani na usiku vihesabiwe mbali mbali. Jumamosi uwanjani kila mtoto anakimbia. Anayetikisika katikati ya hesabu za kugawanya ndiye unayemtafuta.

Hatua ya 5: Kufundisha modeli
Anza na msitu nasibu (random forest, miti mingi ya maamuzi inayopiga kura), si mtandao wa neva (neural network). Watu 103 wa HYPERAKTIV ni wachache, mtandao utawakariri tu.

Na ugawe data kwa mtoto, usigawe kwa vipande. Jumatatu ya Juma ikiwa kwenye mafunzo na Jumanne yake kwenye mtihani, modeli inautambua mkono wa Juma, haitambui ADHD. Usahihi unapanda hadi unajisikia profesa. Mwache mtoto mmoja nje mzima mzima kila raundi, uone unavyoshuka.

MASWALI

Kijana wa Dodoma: Mkuu, nimegawa kwa mtoto na bado nina asilimia 90. Nianze kupima shule za msingi?

Jibu: Piga hesabu kwanza, mdogo wangu. Chukua watoto 1,000. Makadirio mengi huweka ADHD karibu na watoto 5 kati ya 100, kwa hiyo 50 wanayo. Tuseme asilimia 90 yako ni ile ile kwa wenye ADHD na kwa wasio nayo: modeli inawanasa 45. Kati ya 950 waliobaki, inakosea kwa 95. Umewaita wazazi 140, na 95 kati yao umewatia hofu bure.

Mama Nasra: Mwalimu, shikamoo. Wangu ana miaka 7, hakai chini hata dakika. Ninunue saa?

Jibu: Marahaba mama. Hela hiyo itunze. Daktari anaangalia dalili zilizodumu angalau miezi 6, zilizoanza kabla ya miaka 12, na zinazoonekana zaidi ya mahali pamoja, tuseme nyumbani na shuleni. Muombe mwalimu wake aandike anachokiona, kapime macho na masikio, kisha uende na karatasi hizo kwa daktari. Usiku analala vizuri? Mwambie na hilo.

Mdau: Anayetumia dawa atolewe kwenye utafiti?

Jibu: Si lazima. Andika jina la dawa na saa aliyomeza. Na hapo pia, saa ya Kiswahili au ya kizungu, taja.

Binti Pwani: Na yule anayekaa kimya dirishani, mawazo yako mbali?

Jibu: Huyo saa inampita. Akiwa na ADHD ya kukosa umakini bila utukutu, mkono wake umetulia, na data yake inafanana na ya jirani yake. Wasichana wengi wako humo. Ripoti matokeo ya kundi hilo katika jedwali lake peke yake; ukiwachanganya na watukutu, wastani utawafunika.