Somo: Kutoka tatizo la mtaani hadi swali la tasnifu ya sosholojia

Wengi wenu mnaoanza uzamili wa sosholojia mmekulia Mwanza na visiwani, na mada za uvuvi ndizo mnazonitumia zaidi. Andiko la utafiti likija na kichwa "Changamoto za wanawake wachuuzi wa dagaa", naona limetaja jambo zito lakini halijauliza kitu. Nitakaa sana kwenye hatua ya kwanza, kwa sababu ikikosewa hiyo, zinazofuata haziliokoi andiko.

Hatua ya 1: Tafuta swali

Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki na dagaa pale Mwanza, asubuhi bila dodoso. Tazama nani anapimiwa dagaa kwanza na nani anasubiri. Utasikia habari za mali kauli: mama anachukua mzigo bila kutoa hela, anauza, kisha anarudi kulipa. Hakuna karatasi wala dhamana. Sasa uliza: nani anaaminiwa hivyo, na kwa nini yeye? Ni ukoo, dini, au kujuana kwa miaka? Akishindwa kulipa, nani anamwadhibu, tajiri mwenye mzigo au wachuuzi wenzake? Mgeni aliyefika jana anaanzia wapi?

Ukiandika "ukosefu wa mitaji", umetaja tatizo, na afisa maendeleo wa kata analijua tayari. Ukiuliza jinsi uaminifu wa kukopeshana bila maandishi unavyojengwa, na nani anaachwa nje yake, hapo una swali la kisosholojia. Nalisisitiza hili kwa moyo wote, maana akina mama wale wanastahili kuchunguzwa kama watu wenye utaratibu wao, si kama orodha ya shida.

Hatua ya 2: Nadharia ifuate swali

Mwaka 1893 mwanasosholojia Mfaransa Émile Durkheim alidai kwamba mkataba haujisimamii wenyewe. Nyuma yake kuna kanuni za jamii ambazo wahusika hawakuziandika. Mwaka 1985 mwanasosholojia Mmarekani Mark Granovetter alieleza jinsi shughuli za kiuchumi zilivyozama ndani ya mahusiano ya watu. Wote wawili wanafaa kwa mali kauli, lakini hawasemi kitu kimoja: wa kwanza atakupeleka kwenye kanuni za wote, wa pili kwenye mtandao wa nani anamjua nani. Onyesha data yako inaelemea wapi. Kuwataja tu kwenye sura ya pili ya tasnifu na kuwasahau hakusaidii.

Hatua ya 3: Vibali

Barua ya chuo kwanza, kisha ofisi ya mkoa, halmashauri, mtendaji wa kata na mwenyekiti wa mtaa. Mwaloni jitambulishe pia kwa viongozi wa BMU, kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi pale mwaloni. Anza mapema.

Hatua ya 4: Uwandani, fuata mwezi

Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikikolea, taa hazivuti tena, na wavuvi hupumzika. Kwa hiyo ukitaka kuona biashara inavyokwenda, nenda siku za giza. Mahojiano marefu na wavuvi yaweke siku za mbalamwezi. Mweleze msimamizi wako hivyo kwenye ratiba, asidhani umechelewa.

Deni ni siri ya mtu. Kubadilisha jina pekee hakutoshi: ukiandika "mjane mwenye mitumbwi mitatu" katika kambi ndogo ya wavuvi, kila mtu ameshamjua. Badilisha au ondoa vitambulisho vingine pia.

Hatua ya 5: Uchambuzi

Uanze jioni ileile ya mahojiano. Usisubiri kurudi chuoni.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Nansio:* Shikamoo mwalimu. Msimamizi anataka idadi ya wahojiwa kwenye andiko. Niandike wangapi?

Marahaba. Andika makadirio, maana bajeti inayahitaji, kisha eleza utasimama lini. Wanasosholojia Glaser na Strauss walitupa kigezo mwaka 1967: unasimama pale mahojiano mapya yasipoongeza kitu kwenye dhana unayoijenga. Ila kama unatumia dodoso na takwimu, sampuli ina hesabu zake.

*Mwanachama, Kirumba:* Mama yangu anauza dagaa hapohapo Mwaloni. Naruhusiwa kufanya utafiti pale?

Unaruhusiwa, mwanangu, na utaona mengi ambayo mgeni hayaoni. Lakini watu watakuambia mambo kama binti wa fulani. Kila mmoja muombe ridhaa upya, ukimweleza kuwa sasa ni utafiti na anaweza kukataa. Wanaodaiwa na mama yako usiwahoji. Hawana uhuru wa kukataa. Na kwenye sura ya mbinu eleza wazi wewe ni nani pale.

*Mwanachama, Sengerema:* Habari mwalimu. Nafundisha sekondari, siwezi kukaa kambini visiwani. Nibadilishe mada?

Usibadilishe mada, punguza eneo. Chukua mwalo mmoja, yaani sehemu moja ya ufukweni inapopokelewa dagaa, unaofikika mwisho wa juma, na chukua kundi moja: wanaoanika, au wanaonunua kwa jumla. Likizo ya Juni itumie kwa mahojiano marefu. Ila hakikisha Jumamosi zako si zote za mbalamwezi, vinginevyo utaandika kuhusu mwalo usio na dagaa.