Supu ya kichwa cha sangara na chapati laini: mlo wa saa tano kwa watu sita

Wadau, salaam. Kila ikifika Ijumaa jioni swali ni lile lile: wikiendi asubuhi tule nini kizito kisichomaliza mfuko? Naandika hapa mara moja. Atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mlo wenyewe ni supu, chapati na chai ya maziwa. Mkila saa tano, mnafika jioni bila kupika cha mchana, na hapo ndipo nafuu kubwa ilipo. Nafuu nyingine ni kichwa: kilo kwa kilo, kichwa cha sangara ni rahisi kuliko sato mzima, na kina mafuta yanayoipa supu nguvu.

Mahitaji: vichwa vya sangara kilo 2, vipasuliwe hukohuko sokoni; ndizi mbichi za Bukoba 8; vitunguu maji 2; tangawizi kubwa 1; punje 5 za kitunguu saumu; ndimu 4; pilipili mbuzi 1; unga wa ngano kilo 1; mafuta ya kula robo lita; maziwa lita 1; majani ya chai, sukari na chumvi.

1. Anza na unga, usianze na samaki. Changanya unga, chumvi vijiko vidogo 2 na mafuta vijiko vikubwa 4. Mimina maji ya vuguvugu kidogo kidogo, jumla karibu mililita 600. Kanda dakika 10, funika kwa kitambaa kibichi, acha nusu saa.

2. Safisha vichwa. Supu nyingi zinaharibikia hapa, kwa hiyo soma polepole. Sokoni mwambie muuzaji asitoe matamvua kabla hujayaona. Yakiwa mekundu na macho yanang'aa, nunua. Yakiwa ya kahawia na yanateleza ute, sogea meza nyingine. Ukifika nyumbani, kata matamvua pande zote mbili, juu na chini yanaposhikia, usibakize hata kipande, maana ndiyo yanayoleta uchungu na ile harufu ya tope. Kisha geuza kichwa utazame ndani, pale uti wa mgongo unapoanzia: kuna damu nyeusi iliyoganda imejibana kwenye mfupa. Ikwangue kwa ncha ya kisu mpaka mfupa uonekane mweupe. Paka chumvi na ndimu 2, acha dakika 10, suuza kwa maji baridi. Onyo: usisuuze kwa maji ya moto. Damu itaiva palepale na kushika kwenye mfupa, na supu itatoka ya kijivu.

3. Chemsha maji lita 2 na nusu pamoja na vitunguu, saumu na nusu ya tangawizi iliyopondwa. Yakitokota tia vichwa, engua povu lote, punguza moto.

4. Baada ya dakika 10 tia ndizi zilizomenywa, chumvi, na pilipili nzima isiyopasuliwa. Dakika 20 zinatosha. Usikoroge kwa mwiko, shika sufuria uitikise. Ndimu kamulia baada ya kuepua, kwani ikichemka inakuwa chungu.

5. Supu ikiwa motoni, kata unga madonge 12. Sukuma, paka mafuta, kunja, viringisha, acha dakika 10, sukuma tena.

6. Choma kwenye kikaango kilichoshika moto vizuri. Kavu kwanza pande zote mbili, halafu mafuta. Zipange ndani ya hotipoti, juu yake kitambaa.

7. Chai: tangawizi iliyobaki ichemke kwenye maji lita 1 dakika 5, ndipo maziwa, majani na sukari.

MASWALI

Mdau wa Buhongwa: Mkuu, chapati zangu zinakuwa ngumu kama ubao. Tatizo ni nini?

Jibu: Unga uliuacha nusu saa?

Mdau wa Buhongwa: Hapana, nilikuwa na haraka.

Jibu: Basi soma hatua ya 1.

Dada wa Nyegezi: Mimi unga niliuacha saa nzima, na bado zinakauka. Natumia jiko la mkaa.

Jibu: Swali zuri, dada. Angalia moto. Mkaa ukiwa hafifu, chapati inakaa kikaangoni muda mrefu na maji yake yote yanatoka kabla haijapata rangi. Ukitia chapati, ndani ya nusu dakika ianze kutoa malengelenge. Angalia pia unga unaonyunyizia kibaoni, ukizidi unanyonya unyevu. Paka kibao mafuta kidogo badala yake.

Kaka wa Igoma: Naweza kutumia sato?

Jibu: Unaweza. Apike dakika 12 hadi 15 tu, la sivyo anasambaratika, kwa hiyo ndizi zitangulie. Ukimpasua, toa nyongo bila kuitoboa. Ikipasuka, kata nyama yote iliyopata ule ukijani, kuosha peke yake hakutoshi. Na usinunue wa chini ya sentimita 25, sheria inakataza.

Mdau mpya: Lazima tangawizi itangulie kwenye chai? Si vyote vinachemka pamoja?

Jibu: Nimeandika itangulie. Tangawizi mbichi ikikutana na maziwa ambayo hayajachemka, yanakatika.

Mama wa Kirumba: Mwanangu, watoto wangu wanaogopa miiba.

Jibu: Shikamoo mama. Miiba ya sangara ni mikubwa, inaonekana. Chambua nyama ya mashavuni na ya utosini, warudishie kwenye supu iliyochujwa.

Mama wa Kirumba: Marahaba. Nami nawapa hili: pesa ikiwa pungufu, acheni chapati, chemsheni michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa. Loweka kwanza nusu saa, ichemke mpaka ilainike, mwisho tia karanga zilizotwangwa. Inakwenda na chai vizuri sana.

Dada wa Nyegezi: Na dagaa pembeni, mama?

Mama wa Kirumba: Chukua waliokaushwa kwenye chanja. Wa mchangani utawaosha mara nne na bado meno yatasaga mchanga.