Kugeuza vikombe kuwa gramu: unga, sukari, mchele na vyenginevyo vya kavu

Jamani resipi ikikwambia tia vikombe vinne vya unga bila kutaja ni kikombe gani, bado haijakwambia kitu. Hapa Lamu kila jiko lina kipimo chake, huyu anapimia magi ya chai, yule kopo la plastiki, na resipi nyingi za mtandaoni ni za Marekani ambako kikombe ni kama mililita 240, za Australia 250, na magi ya chai ya nyumbani inaweza kufika 300 na zaidi. Mahamri yanatoka magumu halafu hamira ndo inalaumiwa bure.

Bas anza na maji. Weka kikombe kitupu juu ya mizani, irudishe sifuri, tia maji hadi ukingoni, soma. Mililita moja ya maji ni gramu moja, kwa hivo ikisoma 300 kikombe chako ni mililita 300. Ukishaijua hiyo namba kazi kubwa imekwisha, imebakia kuzidisha tu: unga wa ngano kwa 0.53 hivi, unga wa mahindi 0.6, mchele mkavu 0.8, sukari 0.85, chumvi laini 1.2. Yaani kikombe hicho hicho cha 300 kinabeba unga kama gramu 160 lakini sukari kama 255, kwa hivo usichukue gramu za kitu kimoja ukazipeleka kwa chengine.

Huna mizani? Chukua pakiti ya unga ya kilo mbili, chota vikombe vya mfuto umwage kwenye beseni huku unahesabu mpaka pakiti iishe, halafu gawanya 2000 kwa hesabu yako, vikitoka 16 ujue kimoja ni gramu 125. Sukari fanya hivo hivo kwa pakiti ya kilo.

Sasa unga, hapa ndo penye matatizo yote. Mtu akikitumbukiza kikombe ndani ya ndoo akakisukuma ukutani kikajaa, unga unashindiliwa, kikombe cha Kimarekani kinachotakiwa kubeba gramu 120 au 125 kinabeba 140 mpaka 150. Kwa vikombe vinne umezidisha karibu gramu 100, ni kama umeongeza karibu kikombe kizima bila kujua, na hapo utamwaga tui lote na donge bado gumu. Fanya hivi: uvuruge unga kwanza kwa kijiko, manake huku kwetu kwa unyevu wa bahari unashikana haraka, kisha uchote kwa kijiko umimine kikombeni mpaka uzidi kidogo, usigonge kikombe wala usibonyeze, halafu pitisha mgongo wa kisu juu ufute kilichozidi. Ukiwa na mizani haya yote huyahitaji, gramu 500 ni gramu 500 uuchunge usiuchunge, ndo maana mimi nasema kama ni kununua kitu kimoja cha jikoni mwaka huu nunua mizani.

Sukari na mchele havina ukorofi huo, vunja tu madonge ya sukari kama imeganda. Ila kwa mkate wa sinia upime mchele kabla ya kuuroweka, ukishanyonya maji uzito unapanda na hesabu yako yote inaharibika. Vikombe viwili vya Kimarekani ni kama gramu 380 za mchele mkavu.

Vitu vidogo viache kwa kijiko cha chai cha kupimia, kile cha mililita 5: chumvi laini ni kama gramu 6, hamira ya chenga 3, iliki ya kusaga 2. Mizani nyingi za jikoni zinasoma gramu moja moja, ukiweka iliki kidogo zinaweza zisione kitu kabisa.