Somo: Kufungua chupa kuukuu ya porto kwa koleo la moto

Wakuu, salaam. Karibu kila wiki napokea ujumbe ule ule: "Nimevuta kizibo, kimekatikia ndani, nifanyeje?" Nimeujibu mmoja mmoja mpaka nimechoka, kwa hiyo leo naweka somo lote hapa. Tafadhali lisomeni hadi mwisho kabla ya kuuliza.

Mimi ni mhudumu wa mvinyo, mzaliwa wa Mombasa, nafanya kazi kwenye mkahawa mmoja huku Vila Nova de Gaia, Ureno. Mji wa Porto tunautazama ng'ambo ya mto Douro. Chupa hizi za porto, mvinyo mtamu na mkali wa Ureno, ndizo riziki yangu, na inaniuma kila nikisikia moja imeharibika kwa haraka ya mtu.

Kwanza jueni ni chupa ipi inayohitaji koleo. Ni porto ya vinteji: mvinyo wa mavuno ya mwaka mmoja, unaokaa pipani kama miaka miwili, kisha hutiwa chupani bila kuchujwa na kulazwa gizani miaka 20, 40, hata zaidi. Wakati mvinyo unakomaa, kizibo kinachoka. Kile ni gome la mti, na baada ya miaka 40 ya kulowana kinakuwa kama mkate uliochovywa kwenye chai. Ukitia kizibuo unatoa unga. Tena shingo za chupa nyingi za porto zimevimba kidogo katikati, kizibo kimetanuka humo, basi hata kikiwa kizima kinagoma kupita mdomoni. Dawa yake ni kukiacha hapo hapo kilipo na kuikata shingo yenyewe. Wareno chombo hiki wanakiita tenaz. Sisi tuna neno letu kutoka kwa wahunzi: koleo.

Vifaa: koleo ambalo midomo yake ikifumbwa inakuwa pete ya kukumbatia shingo, jiko la gesi lenye moto mkali, bakuli la maji ya barafu, brashi ndogo, glavu za ngozi, miwani ya kukinga macho, faneli, kitambaa cha melimeli kilichofuliwa bila sabuni yenye manukato, jagi la kioo, na mshumaa.

1. Simamisha chupa wima siku moja au mbili kabla, mashapo yatue chini.

2. Bandua lakiri au karatasi ya madini inayofunika mdomo, kisha futa shingo kwa kitambaa chenye maji. Nyingi za chupa za zamani zilivishwa risasi, kwa hiyo nawa mikono.

3. Choma koleo mpaka pete iwe nyekundu kama kaa la mkaa. Ikiwa nyeusi, bado.

4. Bana shingo. Hapa naomba utulie, maana hapa ndipo nilipoharibu.

Shika chupa ikiwa wima. Mulika shingo uone kizibo kinaishia wapi. Pete inakaa chini kidogo ya mwisho wa kizibo, na juu ya usawa wa mvinyo. Ukibana palipo na mvinyo nyuma ya kioo, mvinyo unanyonya joto na mkato unakwenda kombo. Bana mara moja, tulia, hesabu polepole mpaka 30. Usizungushe, usiinue, usisogeze.

Mwaka wangu wa pili kazini mteja alileta chupa ya 1970, mwaka aliozaliwa. Koleo lilikuwa halijaiva vizuri, nami nilikuwa na meza nyingine tatu zinanisubiri. Nikabana, nikaona kama limepoa, nikalirudisha motoni, kisha nikabana tena, ila mara ya pili nilikosea upana wa kucha moja kwenda chini. Shingo ikawa na pete mbili za joto. Nilipopaka maji ya barafu, ufa ulianza pete ya juu, ukakimbilia ya chini, ukateremka mpaka begani. Mvinyo ulitapakaa kwenye kitambaa cha meza, na uliobaki ulikuwa na chembe za kioo ndogo kama chumvi. Mteja hakunigombeza. Aliuliza tu kama kuna namna ya kuuchuja. Nilimwambia hapana, nikamwaga uliobaki mbele yake. Harufu ile ya zabibu kavu na karanga ilikaa mikononi mwangu mpaka usiku.

Kwa hiyo, onyo: koleo likipoa kabla hujamaliza, ACHA. Iache chupa ipoe yenyewe kabisa, nusu saa au zaidi, kisha anza upya pale pale. Usijaribu kuokoa kwa kubana mara ya pili shingo ikiwa bado moto. Onyo la pili: glavu na miwani hata kama umeshafanya mara mia. Onyo la tatu: zima jiko kabla ya kwenda hatua ya 5. Porto ina kileo cha asilimia 20 hivi, na chupa ikipasuka hutaki moto wazi jirani.

5. Weka koleo kando, chovya brashi kwenye maji ya barafu, zungusha kwenye alama ile ile ya joto. Utasikia "tik" moja ndogo, kama ukucha ukigonga kikombe. Basi.

6. Funika kichwa cha shingo kwa kitambaa kinene, kitoe kwa mkono mmoja. Kinatoka na kizibo ndani yake. Kikigoma usikilazimishe, rudia brashi tu. Kisha futa ukingo wa mkato kwa kitambaa chenye maji, ukielekea nje. Ukingo huo unakata kama wembe.

7. Mimina kwenye jagi kupitia melimeli, mkono mmoja usiotikisika, mshumaa ukiwa nyuma ya bega la chupa. Ukiona uzi mweusi wa mashapo unakaribia shingo, simama. Melimeli ni lazima hata kama mkato umetoka safi.

Maswali sasa.

Baharia_Tanga: Mkuu, sina koleo. Plaisi ya gereji haifai?

Haifai. Plaisi inagusa sehemu mbili tu. Joto lisipozunguka shingo yote, ufa unajichagulia njia.

Mpishi Nyali: Hii naweza kuifanya kwa shampeni? Nina harusi Jumamosi.

Hapana. Shampeni ina mgandamizo mkubwa ndani, mara mbili na zaidi ya tairi la gari. Ukitia koleo la moto pale unatengeneza bomu mbele ya maharusi. Fungua kwa mkono.

Mpishi Nyali: Lakini nimeona video mtu anaikata kwa panga.

Ule ni upanga unaogonga ukingo wa mdomo, chupa ikiwa baridi sana. Ni kazi nyingine kabisa na haihusiki hapa. Nimeshasema hapana.

Kibibi wa Ng'ambo: Kaka, asante kwa somo. Nina swali la kitoto: kwa nini kioo kinakatika sawasawa hivyo?

Wala si la kitoto, dada, ndilo swali lenyewe. Unakumbuka chemni ya kandili nyumbani? Taa ikiwaka, tone moja la mvua likidondokea kioo, tik, chemni imepasuka. Ni jambo lile lile. Kioo kikipata joto kinatanuka. Ukikipoza ghafla, ngozi ya nje inataka kusinyaa lakini iliyo ndani bado imetanuka, basi ngozi inavutwa. Kioo kinastahimili sana kubanwa ila hakistahimili kuvutwa. Ufa unaanza na kufuata mstari wa joto. Tone la mvua linaangukia popote, ndiyo maana chemni hupasuka hovyo. Koleo linauchorea ufa barabara. Na ndiyo maana pete mbili ni balaa, umeuchorea barabara mbili.

Kibibi wa Ng'ambo: Sasa nimeelewa hata kile kisa cha 1970. Na je, ile alama ya rangi nyeupe iliyo ubavuni mwa chupa yangu? Nilidhani ni uchafu nikataka kuifuta.

Usiifute! Ni chokaa. Wazee wa maghala waliipaka kuonyesha upande uliokuwa juu chupa ilipolazwa. Kwa hiyo mashapo yameganda upande ulio mkabala nayo. Unapomimina, alama iwe juu, ganda la mashapo libaki limelala chini.

Jofu255: Yangu ni tawny nimenunua uwanja wa ndege. Nibane sekunde ngapi?

Ndugu, soma aya ya tatu. Tawny ni porto iliyozeekea pipani, na mara nyingi ina kizibo chenye kofia. Zungusha kwa vidole kitoke.

Mwalimu Pemba: Mimi si mnywaji, nafuata neno. "Mvinyo" si ndilo "vinho" la Kireno?

Ndilo, mwalimu, sawa na meza, leso na parafujo. Ila wale Wareno wa Fort Jesus hawakuwa na porto hii tunayoijadili. Ngome walianza kuijenga 1593 na wakafukuzwa 1698. Biashara kubwa ya porto kwenda Uingereza ilishika kasi baada ya mkataba wa Methuen, wa biashara kati ya Uingereza na Ureno, wa 1703, na mipaka ya mashamba ya Douro iliwekwa 1756. Neno lilitufikia kabla ya chupa.

Mtengeneza_Glasi: Mimi hukata chupa za bia kwa uzi na mafuta ya taa nitengeneze glasi. Si njia ile ile?

Njia ile ile, na kazi nzuri. Ila usiifanye kwa chupa utakayoinywa, harufu ya mafuta ya taa haitoki. Na glasi zako piga msasa wa maji ukingoni kabla hujauza.

Fundi Chuma Gerezani: Nataka kufua koleo hili. Nipe vipimo, na nitalijaribia wapi?

Fundi, umenifurahisha. Usichukue kipimo changu. Pima shingo ya chupa yenyewe, chini ya kizibo, kisha acha nafasi ya unene wa karatasi chache. Pete iwe nene kama kidole cha mwisho, nyembamba itapoa kabla hujafika 30. Mikono iwe mirefu, karibu urefu wa mkono wako hadi kiwiko, na mishikio ya mbao. Chupa za kujaribia tafuta tupu za mvinyo kwenye baa yoyote. Tia maji mpaka begani, rudisha kizibo, kisha kata. Ukikata kumi mfululizo zikatoka sawa, niandikie, nitanunua la kwanza.