Unapigwa na mumeo kwenye chumba cha kupanga? Anzia dawatini polisi, usianzie kwenye kikao cha kupatanishwa

Nyumba zetu za kupanga hapa Mtwara mjini unazijua: korido moja, choo kimoja, dari hakuna. Ukipigwa usiku wapangaji wote wamesikia, ila asubuhi bombani kila mtu anaangalia ndoo yake. Nimemsindikiza mdogo wangu hatua zote hizi, ndiyo maana naandika.

Kama umeumia vibaya, hospitali kwanza. La sivyo nenda polisi na uulizie Dawati la Jinsia na Watoto moja kwa moja. Ukiganda kaunta utaambiwa "hayo ya ndani, kayamalizeni". Toa maelezo, chukua RB (namba ya taarifa yako kituoni) na PF3 (fomu ya polisi ya kupeleka hospitali). Ni bure, ukisikia habari za hela ya fotokopi, omba kumwona mkuu wa kituo, kwa upole, huku umekaa.

Tulipokwama ni PF3. Fomu hiyo haikai kwenye mkoba: daktari aijaze, asaini, igongwe muhuri, irudi polisi. Sisi tulitoka na dawa tu. Kurudi, daktari aliyemtibu katoka zamu, aliyeingia hataki kusainia majeraha asiyoyaona, mwenye muhuri yuko "kikaoni", na bajaji haisubiri bure. Usinyanyuke mbele ya daktari kabla hajaijaza. Ipige picha pande zote mbili, ndipo uirudishe.

Mwenyekiti wa mtaa atataka kuwapatanisha. Msikilize, shikamoo yake mpe, lakini baraza la usuluhishi ni njia ya kuelekea talaka mahakamani, si kibali cha kuhama. Na akikuambia mume ana haki ya "kufundisha", Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 66, inakataza.

Kodi ndiyo inayowarudisha wengi. Umelipa miezi sita mbele, mwenye nyumba keshaitumia. Soma mkataba una jina la nani na unasemaje ukitoka kabla ya muda. Kama hausemi kitu, usigombanie hela. Omba akuhamishie salio kwenye chumba chake kingine, au umtafutie mpangaji akulipe wewe. Yakubaliwe kwa maandishi, mjumbe asaini.

Siku ya kubeba vitu omba dawati likupe askari wa kukusindikiza. Kitanda na tivii viache kama ndivyo vitakavyoanzisha vita. Vyeti, kitambulisho cha NIDA na kadi ya kliniki ya mtoto viwe vimeshatangulia kwa shoga yako, vikiwa ndani ya furushi la nguo chafu.