Tovuti yako binafsi imepitwa na wakati? Isasishe bila kuibomoa

Watu wengi wenye tovuti binafsi huitelekeza kwa miaka, kisha siku moja wanaamua kuibomoa yote na kuijenga upya. Wanachagua rangi mpya, wanahangaika na menyu wiki nzima, halafu wanachoka kabla hawajaandika hata aya moja ya maana. Mwisho wake tovuti inabaki na ukurasa mmoja unaosema "tunakuja hivi karibuni", na yale ya zamani yaliyokuwa na manufaa yameshafutwa.

Mimi kazi yangu ni kutengeneza na kutunza tovuti za watu binafsi, na kila anayenijia namwambia kwanza asiguse mwonekano. Kinachozeeka mara nyingi ni maneno. Umebadilisha kazi, umehama, umepata mtoto, umeacha gitaa ukaingia kwenye ushonaji, lakini tovuti bado inamsimulia mtu wa zamani. Kwa hiyo kazi iliyo mbele yako ni kuyapanga maneno hayo yawe mepesi kubadilishwa tena mwakani, kwa sababu mwakani nako kutakuwa na mapya. Hatua zifuatazo zinafaa uwe unatumia WordPress, programu zinazogeuza faili za maandishi kuwa kurasa kama Hugo au Jekyll, au unaandika HTML (lugha ya kurasa za wavuti) kwa mkono.

Hatua ya 1: Chukua nakala ya kila kitu

Pakua faili zote za tovuti kabla hujagusa chochote. Kwa wanaotumia WordPress, faili peke yake hazitoshi: maandishi yako yamo kwenye hifadhidata, na picha zimo ndani ya folda ya wp-content, hivyo chukua vyote viwili. Weka nakala sehemu mbili, moja iwe nje ya kompyuta yako. Folda ipe jina lenye tarehe, ukianza na mwaka, kwa mfano tovuti-2025-06-09, ili nakala zijipange zenyewe kwa mfuatano.

Halafu nenda Wayback Machine ya Internet Archive, hazina ya nakala za kurasa za wavuti, na uombe kurasa zako kuu zihifadhiwe humo. Huduma hiyo iko wazi kwa umma tangu 2001, na ni bure. Ukiwa huko angalia pia kama ina kurasa zako za zamani ulizodhani zimepotea.

Hatua ya 2: Hakikisha kikoa bado ni chako

Watu huiruka hatua hii, na ndiyo inayopoteza tovuti nyingi mtu anapobadilisha kazi. Ingia kwenye akaunti ya kampuni iliyokusajilia kikoa, yaani jina la tovuti yako linaloishia na .com au mfano wake, uangalie barua pepe iliyoandikwa pale. Ikiwa ni ya ofisi uliyoondoka, taarifa za kulipia upya zinaenda kwenye sanduku usiloweza kulifungua tena. Weka barua pepe yako binafsi leo. Usiweke pia ile inayotumia kikoa chenyewe, kwa sababu kikoa kikisimama nayo inasimama.

Kwa vikoa vya .com, muda ukiisha kampuni inaweza kukupa nafasi ya kulipia hadi siku 45, ingawa nyingine hutoa chache zaidi. Baada ya hapo huja siku 30 za kukikomboa, kwa kawaida kwa ada kubwa kuliko ya kulipia upya, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa. Zikipita hizo, mtu yeyote anaweza kukisajili, pamoja na wale wanaowinda vikoa vilivyoachwa. Basi washa malipo ya kujirudia na uhakikishe kadi iliyounganishwa bado inafanya kazi.

Hatua ya 3: Tafuta maneno yanayooza

Soma tovuti yako yote kwa simu, ukurasa baada ya ukurasa, kama mgeni asiyekujua. Kila sentensi jiulize: hii itakuwa uongo lini? Kuna zitakazokuwa uongo ndani ya miezi michache, nyingine baada ya miaka, na zipo zisizobadilika kamwe kwa sababu zinasimulia jambo lililokwisha tokea. Taabu huanza pale aina hizi tatu zinapochanganywa pamoja. Tazama mfano huu wa ukurasa wa "Kuhusu":

"Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 31 na uzoefu wa miaka 8. Naishi na mke wangu na binti yetu wa miaka miwili, na kila Jumamosi napiga gitaa na bendi yetu mpya."

Umri utapitwa siku ya kuzaliwa inayofuata, na wa mtoto vilevile. Uzoefu unaongezeka kila mwaka. Bendi haitabaki mpya, na pengine haitabaki kabisa. Sasa iandike hivi:

"Mimi ni mhasibu tangu 2016. Nje ya kazi napenda muziki. Ninachofanya siku hizi kiko kwenye ukurasa wa Sasa."

Maelezo haya yanaweza kukaa miaka mitano bila kuguswa. Kanuni ninayoifuata ni kuandika mwaka wa kuanza badala ya kuhesabu muda, na kutotaja umri wa mtu yeyote. Tumia kitafutio cha kompyuta (kwa WordPress, kile cha kwenye dashibodi) kusaka maneno haya katika maandishi yako yote: "mpya", "hivi karibuni", "mwaka jana", "kwa sasa", "bado". Kila linapojitokeza, weka tarehe kamili au hamishia sentensi hiyo kwenye ukurasa wa hatua inayofuata.

Hatua ya 4: Fungua ukurasa wa "Sasa"

Wazo la ukurasa wa namna hii lilienezwa na mwandishi na mjasiriamali Derek Sivers mwaka 2015, na tangu hapo watu wengi wamelichukua. Ni ukurasa mmoja mfupi unaojibu swali ambalo rafiki mliyepoteana angekuuliza: siku hizi unafanya nini? Mambo yote yanayobadilika haraka yanahamia hapa, nawe unabaki na sehemu moja tu ya kurekebisha maisha yakigeuka.

Mfano wa ukurasa uliokamilika:

"Imesasishwa tarehe 9 Juni 2025. Nilianza kazi mpya mwezi Mei, kwa hiyo sipokei kazi za pembeni hadi Septemba. Jioni nashona. Nimemaliza shati la kwanza lenye kola, sasa najifunza kuweka zipu ya kujificha. Gitaa limepumzika. Mtoto amelala mapema leo, ndiyo maana nimepata nafasi ya kuandika."

Tarehe ya juu ni ya lazima, kwani bila hiyo msomaji hajui "sasa" ni ya lini. Sentensi inayosema usichokipokea nayo naithamini sana: inakupunguzia maombi ya kazi na mialiko ambayo ungelazimika kuikataa mmoja mmoja.

Kabla ya kuandika toleo jipya, nakili la zamani ulihamishie kwenye ukurasa mwingine uitwao, kwa mfano, "Sasa za nyuma". Ni kazi ya dakika moja. Baada ya miaka kadhaa utakuwa na historia ya maisha yako ambayo hukukaa chini makusudi kuiandika, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya thamani kuliko zote katika tovuti ya mtu.

Hatua ya 5: Kila hobi ipe ukurasa unaokua

Kosa lililozoeleka ni kuandika tangazo: "Nimeanza kupiga picha za ndege!" Tangazo halina mahali pa kuendelea. Badala yake tengeneza ukurasa mmoja wa hobi hiyo, uwe shajara ya tarehe, jipya likikaa juu. Ingizo moja linaweza kuwa sentensi mbili na picha moja, na linatosha.

Andika kile ambacho mwenzako anayefanya hobi hiyohiyo atakitumia. "Leo nimefurahi kushona" haimsaidii mtu. "Shati, pamba ya uzito wa kati, sindano 80/12. Kola ilikuwa inavimba pembeni, nimepunguza kitambaa cha ndani ya mshono kwenye kona kabla ya kugeuza, ikalala vizuri" inamsaidia mtu wa mbali aliyekwama usiku na kola yake. Mpiga picha vilevile aandike kwamba ndege akiwa anaruka aliweka kasi ya kamera ya 1/1000 ya sekunde au zaidi, na kwamba mwanga ulikuwa nyuma ya mpiga picha mwenyewe. Mambo madogo ya namna hii ndiyo yanayoletwa na injini za kutafutia, na ndiyo utakayoyahitaji wewe mwenyewe ukirudi kwenye hobi baada ya mapumziko marefu.

Na hobi uliyoiacha? Usiifute. Watu huona aibu kwamba tovuti yao imejaa mambo waliyoyaanza wakayaacha, lakini kwa msomaji ukurasa mzuri wa gitaa haupungui ubora kwa sababu mwandishi wake siku hizi anashona. Weka mistari miwili juu yake:

"Nilipiga gitaa 2017 hadi 2023. Ukurasa huu hauongezewi tena, lakini mazoezi ya vidole yaliyomo bado yanafaa."

Kisha uondoe kwenye menyu kuu, uuweke kwenye orodha ya mambo ya zamani. Angalia vizuri hapa: menyu ni kitu kimoja na anwani ni kitu kingine. Unaweza kuhamisha kiungo kwenye menyu bila kugusa anwani ya ukurasa hata herufi moja.

Hatua ya 6: Linda anwani za zamani

Tim Berners-Lee, aliyebuni Wavuti mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki. Mimi nalichukulia hilo kama sheria. Mtu aliyehifadhi kiungo chako, au aliyekitaja kwenye tovuti yake, hana namna ya kujua kwamba umepanga upya folda zako.

Ukilazimika kuhamisha ukurasa, acha maelekezo ya kudumu yanayompeleka mgeni kwenye anwani mpya, yaani yale yenye namba 301. Kwenye seva (kompyuta inayohifadhi tovuti yako) inayotumia programu ya Apache ni mstari mmoja ndani ya faili la .htaccess:

Redirect 301 /gitaa.html /zamani/gitaa.html

Ukibadilisha anwani ya chapisho kwenye WordPress, programu huelekeza yenyewe, lakini kwa kurasa za kawaida haifanyi hivyo, utahitaji programu-jalizi, yaani programu ndogo ya kuongezea. Kama kuna ukurasa umeuondoa kwa makusudi na hautarudi, seva ijibu 410, inayomaanisha umeondolewa kwa kudumu, badala ya 404 inayosema tu kwamba haukupatikana.

Anwani mpya ziandike kwa herufi ndogo na vistari, bila nafasi. Seva nyingi hutumia Linux, na huko Picha.html na picha.html ni faili mbili tofauti. Usiweke ndani ya anwani chochote kitakachobadilika: jina la kazi, mji, neno "mpya".

Na jina la ukoo je? Ukiolewa au ukibadilisha jina kwa sababu yoyote, na kikoa kilibeba jina la zamani, sajili cha pili, kisha cha kwanza kielekeze kwenye cha pili kwa 301. Endelea kulipia vyote viwili kwa miaka mingi kadiri unavyoweza. Cha zamani ndicho kilichoko kwenye kadi, barua na maandiko ya watu wengine, na ukikiachia atakayekichukua atapokea pia barua pepe zinazotumwa huko.

Hatua ya 7: Picha, watoto na mambo mazito

Picha ya simu mara nyingi hubeba ndani yake mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya GPS. Ondoa taarifa hizo kabla ya kupakia. Programu nyingi za picha zina chaguo hilo wakati wa kuhifadhi. Punguza upana hadi pikseli 1600 hivi. Faili za HEIC kutoka iPhone zigeuze ziwe JPEG au WebP, maana vivinjari vingi havizionyeshi.

Mtoto akizaliwa, furaha ni kubwa na mkono unawasha kutangaza. Tangaza, lakini usiweke jina lake kamili pamoja na tarehe ya kuzaliwa, wala baadaye jina la shule. Yeye hajakubali bado. Safari nazo ziandike ukisharudi nyumbani.

Ukifiwa, au ndoa ikivunjika, usifute chochote katika siku zile za mwanzo. Rudisha ukurasa kuwa rasimu, au uondoe kwenye seva ukiwa umeuhifadhi kwenye nakala yako. Hapo hakuna mgeni anayeuona na hakuna kilichopotea. Uamuzi wa kudumu utaufanya moyo ukishatulia, na watu wengi hushukuru kwamba picha na maneno bado yapo.

Hatua ya 8: Pakia, kisha kagua

Pakia kurasa chache kwa wakati mmoja, usisubiri zote ziwe kamili. Fungua tovuti kwenye dirisha la faragha la kivinjari, kwa sababu dirisha la kawaida linaweza kukuonyesha toleo la zamani lililobaki kwenye kache, yaani kumbukumbu ya muda ya kivinjari. Pitisha anwani yako kwenye kikaguzi cha viungo cha W3C, shirika la viwango vya Wavuti, ambacho ni bure, urekebishe vilivyokatika.

Mwishowe andika faili fupi, ya matumizi yako mwenyewe, inayotaja kila ukweli unaohusu maisha yako uko kwenye ukurasa gani. Kazi: Kuhusu na Sasa. Barua pepe: Mawasiliano na chini ya kila ukurasa. Jina: kila mahali, pamoja na kichwa cha tovuti. Ihifadhi pamoja na nakala za tovuti. Siku utakapobadilisha kazi tena, fungua faili hilo kwanza, rekebisha kurasa zilizotajwa, kisha ubadilishe tarehe iliyo juu ya Sasa.