Somo: Jinsi ya kujua boksi la breka na waya za nyumbani zina hatari, kabla hujaona moshi

Wakuu habari za muda. Nimekaa niandike hili somo maana nimechoka kuitwa kwenye nyumba ambayo soketi imeshayeyuka ukutani halafu mwenye nyumba ananiuliza "lakini fundi, mbona breka haijaruka?" Hapo ndo wengi tunapopotea. Breka ni swichi inayojikata yenyewe umeme ukizidi, ndo tunasema imeruka. Inaangalia wingi wa umeme unaopita, basi. Haijui kama kuna skrubu imelegea mahali.

Chukulia nyuma ya soketi kuna skrubu haijakazwa vizuri, ina ukinzani wa nusu ohm tu, halafu panapita ampia 10. Joto la pale ni ampia mara ampia mara ukinzani, yaani 10 x 10 x 0.5, unapata wati 50. Hiyo ni kama ile sodaringi ya fundi redio umeiwasha ukaifukia ndani ya ukuta, na breka yako ya ampia 20 inaona ampia 10 zinapita, kwake mambo shwari kabisa. Kwa hiyo vipimo vyako vya kwanza ni pua, mkono, sikio na macho, tuanze.

1. PUA. Plastiki ya umeme ikipata joto sana inaweza kutoa harufu kama ya samaki. Sio utani. Kuna nyumba nilienda walikuwa wameosha friji mara mbili, wamemwaga ndoo ya takataka, wamemlaumu mpaka paka, siku ya tatu ndo mtoto akasema harufu inatoka ukutani. Nikazima umeme nikafungua soketi ya nyuma ya friji, ule waya wa moto (unaoleta umeme) ganda lake limekuwa jeusi linavunjika kama biskuti, na skrubu naizungusha kwa kidole bila bisibisi. Kwa hiyo ukisikia harufu ya samaki na samaki hamna, zima breka ya upande huo kwanza maswali baadae.

2. MKONO NA MACHO. Ukimaliza kupiga pasi au kuchemsha maji, zima swichi, chomoa plagi uguse pini zake na uso wa soketi. Vuguvugu kidogo ni kawaida, ila ikiwa huwezi kuacha kidole pale hiyo ni mbaya. Angalia na rangi: plastiki nyeupe iliyogeuka njano au kahawia kwenye tundu moja tu inamaanisha kuna kitu kinaungua ndani. Plagi ikiingia ikawa inachezacheza au inaning'inia, badilisha soketi, usiikunje pini ili ibane. Na ile tabia ya kuchomeka kalamu kwenye tundu la juu ili plagi ya pini mbili iingie, jamani tuiache, ile pini haishiki vizuri, inapiga cheche humo ndani na ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja) huna.

3. SIKIO. Boksi la breka linatakiwa liwe kimya. Mvumo mdogo sana unaweza kuusikia ukisogeza sikio, huo sina shida nao. Ila ukisikia kuchachatika kama mafuta ya kukaangia, hizo ni cheche.

4. TAA. Taa moja ikipepesa, mara nyingi ni balbu au holda. Zikififia kidogo friji inapowaka inaweza kuwa kawaida. Sasa ikitokea taa za chumba kimoja zinafifia na za chumba kingine zinakuwa kali kupita kiasi kwa wakati mmoja, usikae ukishangaa, kazime mein swichi. Kama nyumba ina fezi tatu (waya tatu za moto) inawezekana nyutro (waya wa kurudisha umeme) imekatika au imelegea, na vifaa vya volti 230 vinaweza kupata volti zinazokaribia 400, hapo tv, friji na chaja zinaondoka kwa pamoja.

5. BOKSI LENYEWE. Hapa naomba tuelewane, UNAANGALIA KWA NJE TU. Usifungue kava. Hata ukizima mein swichi, zile waya zinazoingia kutoka kwenye mita bado zina moto. Unachotafuta ni kutu, alama ya maji, kava lililobabuka, nafasi wazi ambayo kidole cha mtoto kinapita, breka ya moto kuliko wenzake, na breka inayogoma kukaa juu. Kama bado una fyuzi za kufunga waya, muite fundi azikague. Waya sahihi wa fyuzi ya ampia 5 ni mwembamba kama unywele mnene, milimita 0.2. Nimeshakuta mtu kaweka kipande cha waya wa shaba wa kufanyia wayaringi, kile hakikatiki mpaka zipite zaidi ya ampia 100, nyumba itaungua yenyewe fyuzi iko nzima inakuangalia.

Kama una RCD (ile yenye kitufe kimeandikwa T), kibonyeze kila baada ya miezi michache. Ikiruka, iko hai. Isiporuka, muite fundi wiki hiyohiyo, maana hiyo ndo inayokata ikihisi umeme unavuja, na za kulinda watu huwa ni za miliampia 30.

6. EKSTENSHENI. Fupi: usichomeke ekstensheni kwenye ekstensheni, usiipitishe chini ya zulia, na ile ya kuzungusha ikunjue YOTE kama unawasha kitu kizito, ikibaki imejikunja joto halina pa kutokea.

Maswali karibuni.

Mdau: Shukrani mkuu. Breka yangu ya 20 inaruka nikiwasha jiko la umeme na hita pamoja, jirani kaniambia niweke ya 32 tu yaishe. Ni sawa?

Jibu: Hapana mkuu. Breka ni mlinzi wa waya, sio wa jiko. Kama ukutani kuna waya wa milimita 2.5 za mraba ukaweka breka ya 32, basi waya ndo unageuka fyuzi. Na ujue hata hiyo 20 ina uvumilivu, ikibeba 29 inaweza kuchukua mpaka karibu saa nzima ndo iruke. Hita ipewe waya wake na breka yake kutoka kwenye boksi, hamna njia ya mkato hapo.

Mdau: Fundi mimi friji inanipiga kidogo nikiwa pekupeku, nikivaa ndala hainipigi kwa hiyo nimezoea tu kuvaa ndala.

Jibu: Dada yangu, ndala sio tiba. Bodi la friji (mwili wake wa chuma) lina umeme na ethi haifanyi kazi, ama haipo, ama imekatika kwenye plagi. Leo inakutekenya, siku sakafu ikiwa na maji itakuwa habari nyingine. Zima breka yake kwanza ndo uchomoe plagi, usiitumie mpaka ethi ya soketi ipimwe na friji yenyewe ipimwe.

Mdau: Balbu zangu za LED zinawaka kwa mbali usiku na swichi nimezima, ni majini au?

Jibu: Hahaha majini hawana bili. Mara nyingi ni swichi zenye kitaa kidogo ndani, au waya ndefu zinazolala pamoja zinaambukizana umeme kidogo, LED inatosheka na hiyo. Ila kuna uwezekano fundi alikatisha nyutro kwenye swichi badala ya waya wa moto, hapo ukizima taa holda bado ina moto na siku unabadilisha balbu unaumia. Fundi apime kwa testa (kifaa cha kupimia umeme).

Mdau: RCD yangu inaruka kila mvua ikinyesha, jua likiwaka inakaa. Nimebadilisha RCD mbili sasa.

Jibu: RCD haina kosa. Zima breka zote ndogo, chomoa vitu vyote, pandisha RCD halafu washa breka moja moja. Itakayoiangusha ndo yenye mvujo, anza kushuku taa za nje na pampu.

Mdau: Nimerudi. Ilikuwa breka ya taa za nje. Fundi kafungua ya getini, maji nusu kikombe na sisimizi wamejenga humo.